Mkono Ulioshika Manivela

Uvira, Jumatatu 2 Septemba 2024

Shemeji Tajudini,

Salamu kutoka huku. Olga na mimi tu wazima, na nyumba ya shemeji Namegabe inatuchukua, ingawa kila nikifungua sufuria nakumbuka kwamba sufuria si yangu.

Nimekupigia simu mara sita tangu Julai. Mara mbili iliita mpaka ikachoka, mara nne ulikata. Basi naandika. Barua huwezi kuikata. Aliyekuletea ni Huguette, muuza vitenge, anayevuka mpaka wa Gatumba kila juma. Nimemwambia asiondoke gereji kwako bila karatasi, hata ikibidi akae juu ya tairi.

Nina maneno mawili.

La kwanza ni gari. Tarehe 26 Oktoba Musafiri anatimiza mwaka tangu afe. Familia imeamua kutoa matanga siku hiyo hapa Uvira, alipozaliwa. Nataka ile Pejo 404 iwepo uani. Unajua aliiunganisha kwa miaka kumi na moja, kipande hiki leo, kipande kile baada ya miezi. Huku wanaijua kwa kusimuliwa tu. Tangu siku aliyoumia hakuna aliyeiwasha. Iwekee moto sawa, ile avansi yenu, uilete.

La pili ni zito. Namegabe anasema ndugu yake alikuwa amelewa siku ile. Anasema mezani, Olga akiwa anasikia. Anasema alipofika hospitali alinusa pombe kali kwenye shati lake. Na tena anasema fundi wa miaka thelathini havunjwi mkono na manivela akizungusha injini iwake, ila awe ameishika kilevi, gumba limezungushwa kwenye chuma. Anataka kuyasema hayo siku ya matanga, mbele ya wote, eti vijana wajifunze.

Wewe unajua Musafiri aliapa kuacha. Aliapa mbele ya mchungaji na mbele yangu, na mbele yangu ndiko kulikomtisha. Miaka mitatu sikunusa kitu.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Sijamlilia mume wangu. Nilikaa kando ya kitanda chake siku kumi, jeraha la mkono likioza, nikamzika, na chozi halikutoka. Kila likitaka kutoka, hasira inatangulia. Namwambia: ulinidanganya, ulikunywa, ukafa kwa kunywa, ukaniachia mtoto na aibu. Mwaka mzima nagombana na mtu asiyejibu.

Mlikuwa mafundi wawili tu gereji. Na wewe ni mtu wa daftari; Musafiri alizoea kusema, "Taju akipiga chafya anaandika tarehe." Fungua ukurasa wa 16 Oktoba uniandikie kilichomo. Alikuwa amekunywa au apana? Neno moja linanitosha.

Pascaline

*

Cibitoke, Bujumbura, Jumamosi 7 Septemba 2024

Kwa shemeji Pascaline, Mama Olga,

Amani iwe kwenu. Barua yako imenifikia Alhamisi saa tano asubuhi, kwa mkono wa Huguette. Leo amerudi kwa jibu, na kweli amekaa juu ya tairi. Kuhusu simu naomba radhi. Ina kasoro kwenye spika.

Kuhusu gari, nimeanza. Nakueleza kwa utaratibu ili ujue kazi inafanyika.

Avansi ni kuamua moto wa bujii, zile plagi za silinda, uruke wakati gani kabla pistoni haijafika juu kabisa. Ukiruka mapema mno, pistoni inapigwa ikiwa bado inapanda, na injini inataka kuzunguka kinyume. Ukichelewa mno, gari halivuti na maji yanachemka. Anayeamua wakati huo ni delko, lile kopo lililosimama ubavuni mwa injini, lenye nyaya tano kichwani. Ukiilegeza na kuizungusha upande mmoja, moto unawahi. Upande wa pili, unachelewa.

Kwanza nimesafisha platini, zile ncha mbili zinazokata umeme ndani ya delko, na kuziachanisha milimita sifuri nukta nne. Kisha nimezungusha injini polepole kwa manivela, bujii zikiwa zimetolewa, mpaka ule ufito wa chuma wa milimita nane, unaochomekwa ubavuni, ukaanguka kwenye tundu la gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Hapo ndipo moto unapotakiwa kuruka. Watu waliozoea magari ya Kijapani hukosea hapa, kwa sababu wanahesabu silinda ya kwanza kuanzia mbele, kwenye rejeta ya maji. Kwenye Pejo inahesabiwa kutoka nyuma. Kilichobaki ni kuweka taa ndogo na kuzungusha delko mpaka taa iwake.

Petroli inatusumbua. Foleni za vituoni zinazunguka mitaa, na ya kwenye mabido, madumu ya wachuuzi, imechanganywa na mafuta ya taa. Petroli kama hiyo hugonga ndani ya injini, kwa hiyo siku hizi kila gari tunalichelewesha kidogo.

Kuhusu swali lako la pili: mambo yale yalikuwa ya haraka, na mtu hakumbuki yote. Daftari la mwaka ule lililowa kwa mvua za Aprili, kurasa zimeshikana. Musafiri alikuwa mtu mzuri.

Msalimu Olga.

Tajudini

*

Uvira, Alhamisi 12 Septemba 2024

Shemeji,

Nilikuuliza juu ya mume wangu, umenijibu juu ya bujii.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno moja. Mtu akiulizwa kama rafiki yake alikuwa amelewa, na rafiki hakuwa amelewa, anasema apana. Halihitaji daftari kavu. Wewe umeandika kurasa mbili, umenifundisha silinda inahesabiwa kutoka wapi, na "apana" hukuiandika. Badala yake umeniandikia kwamba alikuwa mtu mzuri. Hayo ni maneno ya kusema kwenye jeneza ukiwa hujui la kusema.

Basi nimekuelewa. Unamfichia. Unanionea huruma, na ninakushukuru kwa nusu moyo.

Kuna jambo nalikumbuka pia. Musafiri aliniambia sheria yenu ya gereji: aliyegusa delko mwisho ndiye anayeshika manivela. Hakuna kuweka moto wako ukamwita mwenzako azungushe. Alijivunia sheria hiyo. Alisema, "Kwetu kila mutu anaonja mapishi yake mwenyewe." Siku ile manivela aliishika yeye. Basi delko aliigusa yeye, aliiweka vibaya yeye, na mtu makini kama yule aliiweka vibaya kwa sababu gani? Nimechoka kujibu swali hilo kwa njia nyingine.

Nimemwambia Namegabe aseme anachotaka siku ya matanga. Sitamzuia tena.

Gari lete, maana niliomba. Labda watu wakiliona watakumbuka kwamba kuna siku alikuwa mzima.

Pascaline

*

Cibitoke, Jumamosi 21 Septemba 2024

Kwa shemeji Pascaline,

Usimruhusu Namegabe kusema. Hakuwa amelewa. Apana. Naandika neno ulilolitaka: apana, apana.

Ile harufu ni yangu mimi. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, na jeraha lilijaa grisi na vumbi. Sikuwa na dawa. Nilikimbia kwa jirani anayeuza pombe kali ya kanyanga kwa siri, nikachukua chupa, nikammwagia mkononi. Alipiga kelele, akajitupa, nyingine ikamwagikia shati na suruali. Ndiyo aliyonusa Namegabe. Sikumweleza mtu kwa sababu mimi ni Mwislamu na nilionekana mtaani nimeshika chupa ile mchana. Ilikuwa kosa kunyamaza.

Manivela kurudi nyuma hutokea. Ni kudra ya Mungu.

Kazi ya gari inaendelea. Nimeweka taa. Waya mmoja kwenye delko, mwingine kwenye bati la injini. Taa imewaka mahali panapotakiwa, nimekaza. Betri nimeazima. Naomba usiwe na wasiwasi juu ya gari.

Tajudini

*

Uvira, Jumamosi 28 Septemba 2024

Shemeji,

Nilimsomea Namegabe barua yako. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mwislamu alitoa wapi kanyanga? Rafiki anamutetea rafiki, ni vizuri, lakini asituchezee." Kisha akaniuliza swali ambalo wewe ndiye wa kulijibu. Akasema: hata tukikubali hakunywa, manivela ilirudi kwa nini? Fundi ameweka moto kwa taa, mchana kweupe, petroli ni safi niliyoleta mimi mwenyewe kwa bido kutoka hapa Uvira. Kilichofanya moto uwahi ni nini?

Usiniandikie tena kudra ya Mungu. Mungu hakusogeza delko.

Wewe umenieleza mwenyewe, kwa utaratibu wako: moto ukiwahi mno, injini inataka kuzunguka kinyume. Basi moto uliwahi. Musafiri alikuwa mwoga wa moto kuwahi. Hata jikoni alinikataza kuharakisha mkaa. Sasa nieleze.

Olga ameacha kumtaja baba yake kwenye sala. Jana nilimsikia anataja bibi, babu, mimi, hata wewe. Baba yake alimruka. Ana miaka kumi na tisa, si mtoto wa kumlazimisha.

Daftari lililolowa linaweza kukaushwa.

Pascaline

*

Cibitoke, Jumapili 13 Oktoba 2024

Shemeji Pascaline,

Daftari halikulowa. Lilikuwa ndani ya sanduku la nguo, chini kabisa, na sijalifungua tangu siku aliyofariki. Leo baada ya sala ya adhuhuri nimelifungua. Nakunakilia kama lilivyo, bila kuongeza.

"Jumatatu 16/10/2023. Saa 2: Namegabe aleta bido la petroli. Safi, haina harufu ya mafuta ya taa. Saa 4: Musafiri aweka avansi ya Pejo kwa taa. Ameichelewesha kidogo, kama kwa petroli mbaya. Nimemwambia aiwahishe. Amekataa. Tumebishana mbele ya wateja. Saa 6 na nusu: ameenda kula. Nimelegeza delko yake. Ilikwama. Nimeisukuma, imeruka karibu upana wa kalamu. Sikuirudisha. Saa 7 na dakika 10: amerudi, ameshika manivela. Sikusema. Mkono wa kulia."

Hapo ndipo nilipoishia kuandika. Yaliyobaki nakuandikia sasa.

Betri ilikuwa imechoka, iliwasha taa tu bila nguvu ya kuzungusha injini, kwa hiyo gari tulilipiga kwa manivela. Asubuhi ile nilimwambia, "We Musafiri, hii petroli ni ya kweli. Uwahishe moto, gari ivute." Akanijibu, "Ya kweli ni ya leo. Kesho tutainywesha tena mafuta ya taa. Mi sitengenezi injini ya siku moja." Nikamwambia anaogopa. Akasema, "Ndiyo, naogopa. Manivela haina adabu." Kisha akawageukia wateja wawili waliokuwa wanangoja, akasema, "Huyu Taju anaandika vizuri, lakini sikio lake la injini liko likizo." Walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini nilibaki nayo moyoni kama mtoto.

Alipokwenda kula nilitaka kusogeza delko kidogo tu, kiasi cha unene wa sarafu, ili akiwasha asikie injini inavyoimba, nami nimwambie ni mimi. Ilikuwa imeshikwa na kutu. Nilisukuma kwa nguvu na ikaruka kupita nilipotaka. Nilijua imezidi. Nilikaza skrubu ili isitikisike, nikasema nitaleta taa niirudishe. Wakati huo mteja aliniita langoni kwa ajili ya rejeta. Nikaenda. Nikiwa huko nikasikia chuma cha manivela kinaingia kwenye tundu lake, chini ya bampa.

Shemeji, nilikuwa na muda. Niliusikia mlio ule, naujua kama sauti ya mlango wa nyumba yangu. Ningesema "ngoja" angengoja. Lakini kusema "ngoja" kulikuwa kukiri kwamba nimegusa kazi yake akiwa hayupo, siku ile ile aliyonicheka mbele ya watu. Nilifikiri labda haitarudi. Injini mara nyingine husamehe. Nikageuza uso upande wa mteja.

Sheria ya gereji tuliiweka ili mwenye kosa asimuumize mwenzake. Yeye aliifuata. Aliamini ndiye aliyegusa delko mwisho, kwa hiyo hakuniita, alishika mwenyewe.

Na alishika vizuri. Alivuta kutoka chini kwenda juu, gumba likiwa upande mmoja na vidole. Manivela ilimponyoka, ikazunguka kinyume na kumpiga chini ya kiwiko. Mtu aliyezungusha gumba huvunjwa gumba kwanza. Gumba lake lilikuwa zima. Ulimhudumia siku kumi, jiulize mwenyewe.

Kanyanga ni kweli, ni mimi.

Kuna la mwisho, na hili halimo daftarini. Siku ya tatu hospitali, ulipotoka kuleta uji, aliniuliza, "Taju, we uligusa mu delko?" Nikamjibu, "Apana." Akasema, "Basi nilikosea mi." Nikamfunika shuka.

Barua zangu mbili kuhusu gari zilikuwa uongo. Sikuwa nimeweka taa wala ufito. Nilikuandikia kwa kukumbuka, kwa sababu kazi ile naweza kuiandika nikiwa nimefumba macho. Gari liko chini ya turubai na sikuwa nimeinua kapo, kifuniko cha injini, mwaka mzima. Jana ndiyo nimeinua. Nimeazima betri, nimetoa bujii na nimezungusha injini polepole nikiangalia taa. Taa imewaka mapema sana, ufito ukiwa bado mbali na tundu lake. Delko iko pale pale nilipoiacha, na alama ya skrubu yangu bado inang'aa kwenye kutu.

Sikuombi kitu. Ulitaka ukurasa, ndio huu.

Tajudini

*

Uvira, Ijumaa 18 Oktoba 2024

Tajudini,

Huguette alinipa barua yako Jumatano sokoni. Niliisoma nimesimama kati ya watu, kisha nikanunua nyanya, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kununua nyanya. Nyumbani niliisoma tena. Mikono yangu ilifanya kazi zote za siku ile bila mimi.

Gumba lilikuwa zima. Mimi ndiye niliyemkata kucha za mkono ule, siku ya tano, alipolalamika kwamba zinakwaruza bandeji. Nilianza na gumba. Nilikuwa na ushahidi mkononi mwangu, na mwaka mzima nimemsikiliza Namegabe.

Sasa sikiliza. Barua hii haitoshi. Nikiisoma mbele ya familia, Namegabe atasema nimeiandika mwenyewe, au nimekulipa, au tumepatana. Nataka uje tarehe 26. Uje na daftari lenyewe, si nakala. Simama mbele ya ndugu zake na mbele ya Olga, useme kwa mdomo wako uliyoniandikia. Yote. Na lile la hospitali.

Gari usilete. Usiliguse. Delko iache pale ilipo.

Kama huwezi kuja, mwambie Huguette tu "apana". Nitaelewa, na sitakuandikia tena.

Pascaline

*

Cibitoke, Jumanne 22 Oktoba 2024

Kwa Mama Olga,

Nitakuja. Nimefunga gereji kuanzia Ijumaa na nimebandika karatasi langoni. Nitavuka asubuhi ya Jumamosi na daftari ndani ya mfuko wa plastiki.

Nimejaribu kusema kwa sauti nikiwa peke yangu, ili nizoee. Nafika mpaka kwenye chuma kinaingia kwenye tundu, hapo sauti inakatika. Nikikwama mbele ya watu, tafadhali mpe Olga daftari aendelee kusoma. Mwandiko ni wazi.

Wakitaka kunipiga, usiwazuie.

Tajudini

*

Uvira, Jumapili 3 Novemba 2024

Tajudini,

Uliondoka kabla ya chakula, hata sahani uliyowekewa haikufunuliwa. Sikukuita. Lakini nadhani unastahili kujua kilichofuata, maana ulitoka na hukuona.

Ulipofika langoni Namegabe alikuwa bado amesimama na daftari lako. Aligeuza kurasa za nyuma na za mbele, kama mtu anayetafuta mahali palipoghushiwa. Alisoma siku mliyokwenda Rugombo kutafuta rejeta, na siku Musafiri alipokuazima viatu vya kwenda harusini. Kisha akalifunga akasema, "Mi nilinusa tu." Akarudia, "Mi nilinusa tu, jamani." Akatoka uani, na mpaka leo mezani kwake hasemi. Mke wake ananipa mimi kwanza chai.

Olga alisoma vizuri, ulimsikia. Uliposhindwa na yeye akachukua, nilidhani atashindwa pia. Aliposoma mahali palipoandikwa "Sikusema," alinyanyua macho akakutazama. Sijui uliona, ulikuwa unatazama viatu vyako. Jioni ile alimtaja baba yake kwenye sala, wa kwanza kabla ya wote, kwa majina yake matatu.

Nilikuambia sijamlilia. Juma lililofuata nilikuwa nasubiri. Nilifikiri, sasa hasira imeondoka, yatakuja. Hayakuja. Nilianza kuamini kwamba mimi ni mtu mbaya.

Kisha Alhamisi, nikiwa nafua, nilielewa jambo. Siku zake za mwisho alikuwa akisema maneno ambayo nilidhani ni ya homa. Alikuwa akinishika nguo akisema, "Milimita nane iliingia. Nilisikia ikiingia. Taa iliwaka." Kisha anatulia, kisha anaanza tena: "Nilikaza? Pasca, nilikaza?" Mimi sikujua anasema nini. Nilimjibu, "Ndiyo, ulikaza, lala." Siku ya tisa aliniomba nimletee ile taa ndogo kutoka gereji aijaribu, labda ilikuwa na kasoro. Nilimwambia atajaribu akipona.

Hakuwa na homa ya kupoteza akili. Alikuwa anatafuta kosa lake. Alipita kazi ile yote, hatua kwa hatua, jinsi ulivyoniandikia wewe kwenye barua ya kwanza, na kila hatua alikuta ameifanya sawa, na alianza upya, kwa sababu wewe ulikuwa umemwambia hukugusa na yeye alikuamini kuliko alivyoamini mikono yake mwenyewe.

Niliacha nguo kwenye beseni. Nilikaa chini, palepale kwenye maji, nikamlilia mume wangu. Olga alitoka ndani akadhani nimepata habari ya kifo kingine. Nikamwambia apana, ni kile kile. Nimelia Alhamisi, nimelia Ijumaa, leo kanisani nimelia mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa kitambaa. Ni maumivu makubwa kuliko hasira, lakini ni ya kwangu na yake. Nimemwomba msamaha kwa kila jina nililomwita mwaka huu.

Umeuliza kwa Huguette kama nimekusamehe. Usimuulize Huguette, ana vitenge vyake vya kuuza. Nakujibu mwenyewe.

Delko nimekusamehe. Ulikuwa umechekwa, na mikono ya mtu aliyechekwa hufanya upuuzi. Hata kunyamaza langoni, pale uliposikia chuma, nimejaribu na naona siku moja nitaweza. Ilikuwa dakika moja, na dakika moja inaweza kumpita mtu.

Siku kumi za hospitali sijui. Ulikuja kila siku. Ulileta machungwa. Ulikaa kwenye kile kiti cha chuma, yeye anahesabu milimita, nawe unajua.

Daftari liko kwa Olga. Hatalirudisha kwa sasa, na mimi sitamwambia arudishe.

Pascaline, mke wa Musafiri